Chumba kimoja, vyumba viwili, au injini? Njia tatu za kugeuza gesi kuwa umeme, kwa mtu wa Tanga

Mpwa wangu anasomea umeme, yuko mwaka wa mwisho. Jumamosi moja alikuja kwangu Pongwe kwa baiskeli, shati limemganda mgongoni, akaamkia, nikaitikia marahaba, na kabla hajaketi akafungua daftari. "Mjomba, mwalimu anataka jina la mradi Jumatatu. Mimi nataka seli ya fueli ya chumba kimoja. Wenzangu wananicheka. Wanasema unachanganya gesi na hewa, unatia kwenye tanuri la moto, halafu unangoja nini kama si mlipuko?"

Jirani yangu alikuwa upande wa pili wa ua anaosha ndoo za maziwa. Ana ng'ombe sita wa ndani na mtambo wa bayogesi, kuba limezikwa nyuma ya banda, na jioni nyingi gesi inazidi mapishi. "Mwanangu," akamwita kijana, "hicho unachokisema kinauzwa wapi? Gesi yangu mie inapotea kila siku ya Mungu."

Kijana akanitazama. Nikamjibu mama huyo jirani kwa niaba ya kijana: hakiuzwi, bado kiko maabara. Lakini swali lake lilinionyesha kuwa wote wawili wamesimama kwenye njia panda moja, yenye njia tatu. Kuna hiyo seli ya fueli ya chumba kimoja, ya aina inayoitwa oksidi yabisi, kuna ndugu yake wa vyumba viwili, na kuna injini ya kawaida inayokula gesi na kuzungusha jenereta. Seli nilizishika nilipokuwa masomoni, vidude vya ukubwa wa sarafu. Injini nazishika hadi leo, na mikono yangu ina makovu yake.

Zinavyofanya kazi

Injini tunaijua, tuiache. Seli ya oksidi yabisi ni kauri ya tabaka tatu. Katikati ni elektroliti, mara nyingi zirkonia iliyotiwa itria kiasi cha moli 8 katika 100. Ikiwa baridi ni kauri tu, haina tofauti na kigae cha bafuni. Ipashe hadi nyuzi 700 au 800 za sentigredi, na ioni za oksijeni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinaanza kupenya ndani yake, huku elektroni zikikataliwa njia. Upande mmoja ipo kathodi, inayoichukua oksijeni ya hewa na kuigeuza ioni. Upande wa pili ipo anodi, kwa kawaida nikeli iliyochanganywa na kauri ileile, na hapo ioni zinakutana na hidrojeni au kaboni monoksidi. Elektroni zinazoachwa pale hazina pa kurudia ila kwenye waya, na kwenye waya ndipo tunapozitega. Hakuna pistoni, hakuna cheche, hakuna kelele.

Ya vyumba viwili inaweka gesi huku na hewa kule, kauri ikiwa ukuta kati yao. Ya chumba kimoja inavunja adabu hiyo: gesi na hewa zinachanganywa mapema, zinapitishwa pamoja juu ya anodi na kathodi. Ukiisikia mara ya kwanza unaona mtu anakuchezea, maana pande zote mbili zinaonja mchanganyiko uleule, sasa volti itoke wapi? Inatoka kwenye tabia ya vichocheo, yaani vitu vinavyoamsha mmenyuko bila vyenyewe kuisha. Nikeli ya anodi hupenda kuiunguza methani nusunusu: molekuli mbili za methani na moja ya oksijeni zinakuwa mbili za kaboni monoksidi na nne za hidrojeni, na oksijeni iliyo jirani na anodi inaliwa karibu yote. Kathodi nzuri haiigusi methani kabisa, inashughulika na oksijeni tu. Ni watu wawili kwenye sinia moja la pilau, mmoja anafuata nyama na mwenzake anafuata wali. Hawahitaji kuwekewa ukuta. Ila siku mla wali naye akianza kuitamani nyama, yaani kathodi ikianza kuichoma methani, volti inashuka, na joto likizidi kathodi nyingi hupata tamaa hiyo.

Wazo hili limekuwepo tangu miaka ya 1960. Mwaka 1993 Hibino na Iwahara wa Japani walilionyesha kwa methani na hewa kwenye nyuzi 950, umeme ukitoka kidogo sana. Mwaka 2000 Hibino na wenzake wakabadilisha elektroliti, wakatumia kauri nyingine, seria yenye samariamu, gesi ikiwa ethani na hewa, wakapata miliwati 403 kwa kila sentimita ya mraba kwenye nyuzi 500 tu. Wengi waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Vigezo

Nitazipima zote tatu kwa mambo matano: kuziba, yaani kazi ya kuijenga isivuje, uniti zinazopatikana kwa gesi ileile, hatari ya mlipuko na sumu, uvumilivu wa gesi chafu, na mwisho kuwasha, kuzima na kutengeneza. Bei sikuipa kichwa chake. Ya chumba kimoja haina bei, na ya vyumba viwili bei yake hutegemea umeiagiza kwa nani na imekuja na vifaa gani.

Kuziba

Hapa ndipo watu wa vyumba viwili wanapolilia. Ukuta wa kauri lazima ushikane na bomba au chuma pande zote, gesi isione mwanya hata wa unywele, na mshikamano huo uishi kwenye joto ambalo mpira na gundi yoyote unayoijua vimeshakuwa moshi. Kinachotumika sana ni glasi maalumu. Nakumbuka seli yangu ya nne. Niliukanda unga wa glasi ukawa kama uji mzito, nikauzungusha kwenye mdomo wa bomba kwa kijiti, nikauacha ukakauka ukawa ukoko mweupe. Nikapandisha joto nyuzi mbili kwa dakika, asubuhi nzima nimekaa na kipima joto. Volti ikafika 1.05 na mimi nikajiona profesa. Saa nane mchana umeme ukakatika. Tanuri likapoa upesi kuliko glasi ilivyopenda, nikasikia tik, mlio mdogo kama ukucha kwenye kikombe. Umeme uliporudi volti ilikuwa 0.6 na haikupanda tena. Kesho yake nikapaka wino mwekundu kwenye ile pete, nikaufuta, na ufa ukajitokeza: uzi mwekundu mwembamba uliozunguka nusu ya bomba.

Kosa halikuwa la glasi. Kauri, glasi na chuma kila kimoja hutanuka kwa kipimo chake, na kila unapopasha na kupoza unavivuta huku na huku. Viwanda vimejifunza kulinganisha vipimo hivyo, na seli zao huishi miaka. Kwenye meza ya mwanafunzi ni mtihani ndani ya mtihani.

Chumba kimoja kinaufuta mtihani huo. Hakuna pete. Elektroliti yenyewe haihitaji kubana kabisa. Ikiwa na vitundu au ufa mdogo seli inaendelea kufanya kazi, japo hidrojeni inayovuka kwenda upande wa kathodi hupunguza volti. Unaweza hata kuziweka anodi na kathodi ubavu kwa ubavu kwenye uso mmoja wa kauri, jambo lisilowezekana kabisa kwa mwenzake. Kwa kigezo hiki peke yake mpwa wangu ana haki ya kuitamani.

Injini ina gasketi ya silinda na ringi za pistoni, na mafundi wa Ngamiani, mjini Tanga, wamezifungua zaidi ya walivyofungua milango ya nyumba zao. Tusonge.

Uniti kwa gesi ileile

Hapa mambo yanageuka. Tuchukue banda la jirani. Ng'ombe sita wanampa kilo 100 hivi za samadi za kulisha mtambo kwa siku, na kwa makadirio ya kawaida ya kilo 25 kwa mita moja ya ujazo, hiyo ni mita 4 za bayogesi. Nusu anapikia na kuchemshia maziwa. Zinabaki mita 2. Bayogesi yenye methani asilimia 60 inabeba nishati ya uniti 6 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo jioni jirani anakuwa na uniti 12 za nishati zinazotafuta kazi.

Injini ndogo iliyobadilishwa kutoka petroli itampa moja ya tano ya hizo, karibu uniti 2 na nusu, na zilizobaki zinatoka kwenye ekzosi zikiwa joto. Injini kubwa hufanya vizuri zaidi. Zile za mamia ya kilowati hufika asilimia 35 hadi 40. Hale, njia ya kwenda Korogwe, ulijengwa mtambo wa namna hii wa kilowati 150 wa kutumia bayogesi ya taka za mkonge, na taka hazikosi: katika jani zima ni sehemu 4 tu hivi katika 100 zinazotoka kwenye korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, zikiwa singa, yaani nyuzi, kinachobaki ni maji na nyama ya jani.

Seli za vyumba viwili, zile za viwandani zilizokamilika, hugeuza asilimia 50 hadi 60 ya nishati ya gesi kuwa umeme. Jirani angepata uniti 6 au zaidi. Hakuna mashine ndogo nyingine inayokaribia hapo, na ndiyo sababu watu wanavumilia shida zote za pete ya glasi.

Chumba kimoja? Ufanisi wake kwenye majaribio mengi uko chini ya asilimia 10. Tukiipa 5, jirani anapata uniti 0.6. Sababu si ubovu wa kauri. Gesi inapita juu ya seli kwa haraka na nyingi yake inatoka upande wa pili bila kuguswa. Nyingine inaungua kwa hewa iliyochanganywa nayo bila kuzungusha elektroni hata moja. Volti yenyewe ikiwa haina mzigo mara nyingi ni 0.7 hadi 0.9. Zile miliwati 403 za mwaka 2000 ni kweli, lakini zinapima ukali wa eneo la seli, hazipimi gesi iliyotumika. Mwanafunzi asipozitenganisha hesabu hizi mbili ataandika hitimisho la uongo bila kujua.

Ila kuna mtu ambaye hasara hii haimuumi. Namfikiria bwana mmoja anayeoka mikate ya ajemi Ngamiani. Yeye gesi anaichoma hata hivyo. Anachotaka ni joto la tanuri. Seli ya chumba kimoja ikiwekwa njiani ingechukua umeme kidogo wa feni na taa, na kile kinachotoka, hidrojeni, kaboni monoksidi na methani iliyobaki, kingekwenda kuungua chini ya mkate kama kilivyokusudiwa. Kwake ile asilimia 95 ndiyo kazi yenyewe. Nimesema ingechukua. Kifaa cha kumuuzia bado hakipo.

Mlipuko na sumu

Wenzake mpwa wangu hawakukosea kuuliza. Methani kwenye hewa hulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15. Propani, iliyomo kwenye mitungi ya kupikia pamoja na butani, ni kati ya asilimia 2 na 10 hivi. Joto likipanda mipaka hiyo inapanuka. Na ndani ya tanuri la nyuzi 600 hakuna haja ya kiberiti, maana methani hujiwasha yenyewe ikipata joto la nyuzi 540 na ushei.

Seli ya chumba kimoja huishi juu ya mpaka wa juu. Mchanganyiko wa methani mbili kwa oksijeni moja, ukihesabu nitrojeni ya hewa, unakuwa na methani asilimia 30 hivi: gesi ni nyingi kupita kiasi cha kulipuka. Ukikaa hapo, na njia za gesi zikiwa nyembamba, milimita moja au mbili ambamo mwali hufa kwa kugusa kuta, kazi inakwenda kwa utulivu. Hatari iko kwenye kufika pale na kuondoka pale. Anayefungua hewa kwanza kisha akaongeza gesi taratibu anatembea kutoka asilimia 0 hadi 30, na katikati ya safari anaikanyaga ile 5 hadi 15 yote. Anayefunga gesi kwanza huku hewa ikiendelea anarudi kwa njia hiyohiyo. Tofauti kati ya jaribio la kawaida na bomba lililopasuka ni nani alifunguliwa kwanza.

Halafu kuna sumu. Moshi wa chumba kimoja una kaboni monoksidi nyingi, isiyo na rangi wala harufu, na lazima iunguzwe au itolewe nje kwa bomba. Injini nayo hutoa gesi hiyo kwenye ekzosi, na kila mwaka tunasikia watu waliolala na jenereta ndani ya chumba. Ya vyumba viwili ndiyo tulivu zaidi hapa ikiwa nzima, kwa kuwa gesi iliyobaki huchomwa mahali maalumu kabla ya kutoka. Pete ikipasuka, gesi inakutana na hewa ikiwa moto sana na kuungua papo hapo pale penye ufa, jambo linaloharibu seli kwanza kabla ya kumdhuru mtu. Sisemi lipuuzwe.

Gesi chafu

Bayogesi ya samadi ina gesi ya salfa, ile ya harufu ya yai viza, kwa mamia ya sehemu kwa milioni na wakati mwingine zaidi ya elfu. Injini huila na kuugua polepole. Kuna jenereta niliyoitwa kuitazama kwa mfugaji mmoja njia ya Muheza, haina hata nusu mwaka. Nilipofungua nati ya chini oili ilitoka nyeusi na nzito kama ukwaju uliochemshwa ukaganda, na beringi za shaba zilikuwa na madoa kama zimelambwa. Hakuwahi kuambiwa aweke kichujio. Tulifunga mtungi wa plastiki uliojaa vipande vya chuma chenye kutu, kwa kuwa kutu huikamata salfa, na kutu Tanga haijawahi kuadimika. Tangu hapo anabadilisha oili mapema na injini inaendelea.

Nikeli ya seli haina ustahimilivu huo. Sehemu moja tu kwa milioni inatosha kuanza kuiziba, iwe ya chumba kimoja au viwili. Kutu peke yake haitafikisha usafi huo. Baada yake unahitaji kaboni maalumu ya kunyonya, na kuibadilisha kabla haijashiba.

Kwa upande wa masizi chumba kimoja kina nafuu. Methani ikigusa nikeli ya moto hupenda kuacha kaboni inayoziba vitundu. Seli za vyumba viwili hupewa mvuke kuzuia hilo, na bayogesi huja na ahueni yake, kaboni dayoksidi yake yenyewe ikisaidia kuivunja methani. Kwenye chumba kimoja oksijeni iko palepale, masizi yanaungua yanapojitokeza. Lakini oksijeni hiyohiyo ikizidi kidogo, nikeli inageuka oksidi, kisha inarudi kuwa nikeli, kisha oksidi tena, na volti inayumba kama chemli penye upepo. Mpwa wangu akiliona hilo kwenye skrini asidhani waya umelegea.

Kuwasha, kuzima, kutengeneza

Injini: vuta kamba, imewaka. Zima, imezimika. Kikiharibika kitu, plagi na gasketi zinapatikana mjini, na fundi atakuja kabla chai haijapoa, au kesho yake, au atasema yuko njiani.

Seli ya vyumba viwili haipendi kuwashwa na kuzimwa. Huchukua saa kadhaa kupanda, na nyingi zimeundwa ziwake siku hadi siku bila kupumzika. Japani zipo nyumba zenye mashine za namna hii za wati 700 zinazotumia gesi ya bomba; zinafanya kazi usiku na mchana na joto lake linapasha maji ya kuoga. Huku kwetu tatizo la kwanza litakuwa fundi, la pili litakuwa vipuri, na la tatu ni kwamba mashine yenyewe inahitaji umeme wa feni na vidhibiti hata siku umeme ukikatika.

Chumba kimoja hustahimili kupashwa na kupozwa haraka, kwa kuwa hakuna pete ya kupasuka na kauri inaweza kuwa ndogo na nyembamba. Mwaka 2005 Zongping Shao, Sossina Haile na wenzao wa California waliunganisha seli mbili za chumba kimoja zinazotumia propani, zikajipasha zenyewe kwa joto la gesi inayoungua nusu, bila tanuri, na kutoa miliwati 350 hivi. Ni kidogo mno kwa kuchajia simu kwa kasi tuliyoizoea. Lakini fikiria kitu kinachotoshea kiganjani, kikiwa kwenye joto la nyuzi zaidi ya 500, kinachojilisha na kujipasha. Watafiti wa Japani nao walijaribu kuziweka seli kama hizi kwenye moshi wa pikipiki, ambao nao ni mchanganyiko wa gesi isiyoungua, oksijeni na joto la bure. Nilipomwambia kijana wa bodaboda pale kituoni aliniuliza kama itapunguza petroli. Haitapunguza, ndugu yangu.

Nani achukue nini

Ukiwa na ng'ombe na gesi inayobaki, kama jirani yangu, na unataka taa na friza mwezi huu, nunua injini. Ndogo, si kubwa: yenye wati zaidi ya gesi yako itazimika kila baada ya dakika ishirini. Weka kichujio cha kutu siku ileile unayoifunga, usingoje harufu. Na hesabu kwanza kama si bora gesi hiyo uitumie kwa friji inayotumia moto wa gesi, maana kuigeuza joto kuwa umeme kisha umeme kuwa baridi ni kulipa ushuru mara mbili.

Ukiwa taasisi, kiwanda cha maziwa au shamba la mkonge lenye gesi nyingi, ya kila siku, isiyobadilika, na mtu wa kusimamia usafi wake kwa kipimo na si kwa pua, ya vyumba viwili inastahili kuulizwa bei. Iwe na mkataba wa matengenezo ulioandikwa nani anakuja na baada ya siku ngapi. Kama usafi wa gesi huna hakika nao, injini kubwa ya gesi itakusamehe makosa ambayo seli haitakusamehe.

Ukiwa mwokaji, au yeyote anayechoma gesi kwa ajili ya joto, leo huna cha kununua kati ya seli hizi. Chukua jiko zuri. Lakini wewe ndiye mteja ambaye chumba kimoja kikitoka maabara kitakufaa mapema kuliko wengine.

Ukiwa mwanafunzi, jiulize unataka kuonyesha nini. Kama ni ufanisi, kupima gesi inayoingia na umeme unaotoka, fanya ya vyumba viwili, na utenge nusu ya muda wako kwa kuziba. Kama ni vichocheo, uwiano wa gesi na hewa, au umbo la seli, chumba kimoja kitakupa matokeo mengi kwa muhula mmoja, kwa sababu hutapoteza wiki tatu ukiomboleza pete ya glasi. Ripoti yako iseme waziwazi kiasi gani cha gesi kilipita bila kutumika. Mwalimu atauliza, na ni afadhali umtangulie.

Mpwa wangu alichagua chumba kimoja. Bomba lake la kauri, nilipolipima, linajaa kikombe kimoja cha kahawa. Hata likilipuka halitabomoa ukuta, ila linaweza kutoa jicho. Kwa hiyo tumekubaliana mambo mawili kabla hajanunua chochote. Atapata mtungi wa nitrojeni, au ile argoni ya wachomeleaji, wenye vali inayofunguka yenyewe umeme ukikatika, huku vali za gesi na hewa zikijifunga. Na kwenye mlango wa tanuri atabandika karatasi kwa maandishi makubwa: KUWASHA, nitrojeni, kisha gesi, hewa mwisho. KUZIMA, hewa kwanza, kisha gesi, nitrojeni iendelee hadi tanuri lipoe.